Klasta Imejaa, Lakini Seva Zimelala: Vipi Tena?

Ushawahi kuona basi la mkoani likitoka stendi na viti vitupu, wakati wewe umeambiwa limejaa? Viti vimekatiwa tiketi, ila wenyewe hawakutokea. Kwenye klasta za kompyuta mambo ni hayohayo, na seva iliyokaa bure bado inalipiwa.

Tuanze na msingi. Kontena ni programu iliyofungashwa pamoja na vitu inavyohitaji ili ifanye kazi. Ukiwa na makontena mia na seva kumi, lipi liende wapi? Hiyo ni kazi ya kipangaji. Katika Kubernetes, mfumo uliotangazwa na Google mwaka 2014, kipangaji kwanza huchuja seva zisizofaa, kisha huzipa alama zilizobaki na kuchagua iliyoongoza.

Sasa hapa ndipo wengi wanapokwama: kipangaji hakiangalii kontena linatumia kiasi gani. Kinaangalia ombi uliloandika.

Chukulia seva ina gigabaiti 16 za memori za kugawa. Makontena matatu yameomba 5 kila moja, lakini kila moja linatumia 1 tu. Kwa hesabu ya kipangaji, 15 zimeshachukuliwa. Likija kontena la nne linaloomba 2, litaambiwa lisubiri, japo gigabaiti 13 zimekaa bure!

Basi tuombe kidogo? Hapana, hapo nako kuna shimo. Makontena yanayoomba kidogo na kula sana hurundikwa kwenye seva moja. Wakigombania prosesa, kazi inakwenda polepole tu, kwa sababu muda wa prosesa unaweza kugawanywa. Memori haigawanyiki hivyo: ikiisha, lazima programu fulani iuawe, na aliyezidisha ombi lake ndiye aliye hatarini zaidi. Ndiyo maana kuna pia kikomo. Kontena likivuka kikomo cha prosesa linapunguzwa kasi. Likivuka cha memori, linauawa.

Ufanyeje? Usikisie, pima. Liache kontena lifanye kazi siku kadhaa, zikiwemo zile za wateja wengi, uone linakula kiasi gani. Ombi liwe karibu na matumizi ya kawaida, kikomo kiwe juu ya kilele ulichokiona. Halafu rudia kila programu inapobadilika.

Kabla hujaomba bosi anunue seva nyingine, linganisha kwanza maombi na matumizi. Huenda nafasi unayoitafuta unayo tayari.