Viraka vya Kutuliza Mtikisiko

Huko Buguruni, katika mji wa Dar es Salaam, fundi wa baisikeli hukaa kando ya njia na bomba lake, gundi na viraka. Mpira wenye hewa kidogo hulegea na kuyumba. Ukijazwa sawasawa hukaza na kushika umbo lake. Vivyo hivyo viko vyombo vya angani ambavyo nguvu yake ni hewa iliyomo ndani.

Nafasi katika roketi ni ndogo. Kwa hiyo chombo cha ngozi nyembamba hukunjwa kama nguo sandukuni, nacho kikifika juu hujazwa hewa. Mwezi wa Mei 1996 Wamarekani walijaribu hivyo sahani ya mawimbi yenye upana wa mita 14, ikishikwa na miguu mitatu ya mita 28. Haikufunguka kwa utaratibu uliotazamiwa, lakini mwishowe ilisimama.

Lakini iko hatari. Ngoma ikipigwa duniani, mlio wake hufa upesi, maana hewa inayoizunguka huchukua nguvu ya mtikisiko. Angani hapana hewa ya nje. Chombo kikigeuzwa tu, chaweza kutikisika muda mrefu. Na sahani ikitikisika, mawimbi hukosa shabaha, habari zikapotea.

Je, kijazwe hewa zaidi? La, ngozi yaweza kupasuka. Tena kukaza hubadili mwendo wa mtikisiko tu, hakuuzimi.

Basi wataalamu hubandika viraka vya namna ya pekee. Kiraka kikipindwa hutoa umeme kidogo. Kikipewa umeme, hujikunja au hujinyosha. Kimoja huhisi mtikisiko, kompyuta hupima, na kingine husukuma kinyume. Ni kama bembea: mtoto akiisukuma inapokwenda, huzidi; akiizuia inapomjia, hutulia. Kiraka kikikosea wakati, huongeza mtikisiko badala ya kuupunguza. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 viraka hivyo vilijaribiwa huko Marekani juu ya pete kubwa iliyojazwa hewa, ikaonekana kwamba vyaweza kuituliza.

Kiraka cha fundi wa Buguruni huzuia hewa isitoke. Kiraka cha angani huzuia mtikisiko usidumu. Vyote viwili ni vyepesi, lakini kila kimoja mahali pake huokoa chombo kizima.

Maswali
1. Kwa nini mtikisiko hukawia kufa angani?
2. Kiraka kikisukuma wakati usiofaa, huwaje?