Misikiti na Makaburi ya Cheyo Kwenye Ramani Huria: Ipi Hukumu Yake?

Sifa zote njema Anastahiki Allaah, na rehma na amani zimshukie Mtume Muhammad (Swalla Allaahu 'alayhi wa sallam), na ahli zake na Maswahaba zake.

Tumeletewa suali na familia moja ya Unguja yenye jamaa Tabora, katika kata ya Cheyo. Kijana wao anasoma mambo ya kompyuta, na anataka kuiweka misikiti na makaburi ya Waislamu wa huko kwenye ramani ya OpenStreetMap. Wanauliza mambo mawili. Je, kazi hii ina thawabu kama sadaka? Na je, inafaa anakili majina kutoka ramani ya kampuni iliyomo kwenye simu yake, maadamu nia ni ya kheri?

Tuanze na kitu chenyewe, kwani wazee wengi hawakijui. OpenStreetMap ni ramani ya dunia nzima iliyoanzishwa Uingereza mwaka 2004, na inachorwa na watu wa kujitolea. Programu yake haikai ndani ya simu yako. Inakaa kwenye kompyuta kubwa za mbali, zile ambazo vijana huziita "wingu", nawe unaifungua kwa intaneti, unajiandikisha, unachora. Unaweka nukta mahali pa kisima, unavuta mstari wa njia, unazungushia eneo la makaburi, kisha unaandika kila kimoja ni nini na kinaitwaje. Ukihifadhi, huonekana na watu wote, pamoja na jina ulilojiandikishia, saa uliyohifadhi na maelezo ya ulichobadilisha. Mwengine akiona umekosea, atasahihisha. Hata maandishi ya programu yenyewe yako wazi: anayejua kuyaandika anaweza kuyatengeneza, na waangalizi huyapitia kabla ya kuyakubali.

Visiwani jambo hili si geni sana. Mwaka 2016 Unguja na Pemba zilianza kupigwa picha kutoka angani kwa ndege ndogo zisizo na rubani, katika mradi wa ramani wa Zanzibar ambao wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar walishiriki. Dar es Salaam mradi wa Ramani Huria uliwapeleka wanafunzi mitaani kuchora nyumba na mifereji ili mafuriko yajulikane yatapita wapi.

Sasa kwa nini Cheyo? Njia ya misafara kutoka Bagamoyo kwenda Ujiji ilipita Tabora, na mji ule umefungamana na visiwa vyetu kwa damu. Tippu Tip, aliyezaliwa Unguja na kufa Unguja mwaka 1905, baba yake aliishi na kuoa Tabora. Lakini tusiwataje wenye mali peke yao. Wengine waliipita njia ile wakiwa wapagazi, na wengine waliletwa pwani wakiwa watumwa, si kwa hiari yao, na wajukuu zao wako miongoni mwetu leo. Nyumba ya Kwihara alimokaa Livingstone inajulikana na kila mtalii, na tangu mwaka 2006 Kwihara imo katika orodha ya mapendekezo ya Tanzania kwa UNESCO, pamoja na vituo vyengine vya njia ile. Kaburi la babu yako halimo katika orodha yoyote. Mzee anayejua lilipo akifariki, na mji ukaendelea kujengwa, mtu atakuja kuweka msingi wa nyumba juu yake bila ya kujua. Ilhali imekatazwa kukaa juu ya kaburi na kujenga juu yake, kama ilivyothibiti katika Sahihi ya Muslim.

Kuweka alama ili mahali pajulikane kuna asili katika Sunnah. Abu Daawuud amepokea kwamba alipozikwa 'Uthmaan bin Madh'uun (Radhwiya Allaahu 'anhu), Mtume (Swalla Allaahu 'alayhi wa sallam) alibeba jiwe kwa mikono yake akaliweka upande wa kichwani, apate kulitambua kaburi la ndugu yake na kuwazika karibu naye watu wa ahli zake. Alama kwenye ramani tunaiona ni ya namna hiyo: ni ya kutambulisha. Haijengi kitu wala haitukuzi kaburi. Lakini kijana asiandike sifa za kuwavuta watu waje kuomba haja pale. Aandike kuwa ni makaburi ya Waislamu, na jina la mahali linalotumiwa na wenyeji. Basi.

Ama kuhusu thawabu, hadithi ya amali tatu zisizokatika baada ya kifo ni mashuhuri: sadaka yenye kuendelea, elimu yenye manufaa na mtoto mwema anayemuombea mzazi wake. Njia sahihi ya kufika msikitini, au mipaka ya makaburi iliyohifadhika, ni manufaa yanayoweza kubaki baada ya aliyeyachora, na tunatarajia malipo kwa Allaah kwa mwenye nia safi. Leseni ya ramani hii, inayotumika tangu mwaka 2012, ina jambo linalofanana na waqfu. Ulichokitoa hukirudishi, kila mtu anaruhusiwa kukitumia kwa sharti ataje kimetoka wapi, na anayeiboresha ile hazina na kuisambaza lazima naye aiache wazi kwa wengine. Tukikumbuka ardhi ya Khaybar ya 'Umar (Radhwiya Allaahu 'anhu), haikuuzwa, haikurithiwa wala haikutolewa zawadi, na manufaa yake yaliwafikia watu. Hatusemi kuwa ramani hii ni waqfu kisheria, kwani waqfu una nguzo zake. Wafanyabiashara pia huitumia wakapata faida. Hilo lisimkere mwenye kutoa.

Suali la pili jibu lake ni hapana. Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu, katika kikao chake cha Kuwait mwaka 1988, liliamua kuwa haki za utunzi na ubunifu zinalindwa na sharia na haifai kuzivunja. Ramani ya kampuni ni kazi ya watu waliogharimika. Zaidi ya hapo, kijana anapojiandikisha anakubali kwa ahadi kwamba ataweka tu kile alicho na haki ya kukitoa, na Suuratul-Maaidah inaanza kwa kuwaamrisha Waumini kutimiza ahadi. Nia njema haihalalishi kuchukua. Tena wenye ramani huria wakigundua kuwa umenakili, huifuta kazi yote, na makaburi yakarudi kuwa hayapo.

Atumie nini basi? Picha za setilaiti ambazo wenyewe wameruhusu zichorwe juu yake zimo ndani ya programu ileile. Kutoka Unguja ataona paa na njia za Cheyo, lakini paa halisemi kama ni msikiti au ghala. Hapo ndipo penye hatari kubwa kuliko kunakili: kubahatisha. Tumekatazwa kuyafuata tusiyo na ujuzi nayo. Ampigie simu ami yake au shangazi yake Tabora. Kijana wa huko mwenye simu apite na mzee, asimame mlangoni mwa msikiti, awaulize wasimamizi jina lake, na aizunguke mipaka ya makaburi kwa miguu. Wazee wawili wakikhitilafiana juu ya jina, aliache tupu hadi lithibiti. Na asiandike nyumba fulani ni ya nani, wala asipige picha ndani ya nyua za watu. Stara ya majumba ni haki yao.

Dada zake wasiojua kuchora nao wana nafasi. Maneno ya programu hizi hutafsiriwa na watu wa kujitolea, na Kiswahili kinachoeleweka na bibi ni msaada mkubwa kuliko mistari mingi ya msimbo. Hata kuripoti kosa kwa maelezo mazuri ni mchango.

Tunaishauri familia hii ianze kwa simu ya Tabora wiki hii, maadamu mzee wao anayewajua waliozikwa pale yuko hai na anaweza kutembea.

Wa Allaahu A'lam.