Mvua ya Jirani wa Juu
Watu wa Embu na Meru wana lawama moja wanayoipenda: walisema mvua itanyesha, mbona kwangu haikunyesha? Lawama hiyo ina jibu. Lakini lipo swali zito zaidi ambalo huulizwa kwa nadra: mbona mto umefurika, na kwangu hata tone halijaanguka?

Tuanze na wingu. Upepo wa Bahari ya Hindi huja umebeba unyevu, ukavuka nyika hadi kugonga mteremko wa mashariki wa Mlima Kenya, wenye kimo cha mita 5,199, na vilima vya Nyambene. Hapo hupanda, hupoa, unyevu ukageuka matone. Masika huwa Machi hadi Mei, vuli Oktoba hadi Desemba, na huku mashariki ya mlima vuli si ya kudharau: wakulima wengi wa Mbeere na Tharaka huitegemea kuliko masika.

Mvua ya radi huongeza jambo jingine juu ya hayo. Jua hupasha ardhi joto, hewa ya chini huwa nyepesi na kupaa kwa kasi, na kiwingu kilichoonekana saa sita mchana chaweza kupita kilomita 10 kwenda juu kabla ya saa kumi. Hata hivyo upana wake ni kilomita chache tu, na mara nyingi huishi saa moja au pungufu.

Kompyuta za utabiri huigawa dunia katika miraba. Katika mojawapo ya mifumo bora ya dunia nzima, mraba mmoja una upana wa kilomita 9 hivi. Wingu laweza kuzaliwa, kumwaga maji na kufa ndani ya mraba huo bila kompyuta kulitambua. Kwa hiyo Idara ya Hali ya Hewa, pale Dagoretti Corner jijini Nairobi, inapotangaza mvua ya radi alasiri katika "sehemu chache" za nyanda za juu mashariki mwa Bonde la Ufa, haikwepi swali. Imesema lote linaloweza kusemwa siku moja kabla. Ukitaka kujua ni kijiji gani, ngoja picha za setilaiti za saa ileile.

Mafuriko yana hesabu yake. Milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ni lita moja ya maji. Milimita 40 zikishuka juu ya kilomita moja tu ya mraba ni lita milioni 40. Tahadhari za Idara mara nyingi hutaja mvua inayozidi milimita 20 kwa saa 24, na msomaji huona ni kidogo. Milimita 20 zikinyesha tangu jioni hadi asubuhi, shamba hushukuru. Zikinyesha kwa nusu saa juu ya mabati na lami ya Makutano ya mjini Meru, au juu ya udongo mweusi wa Mwea uliokwisha kulowa na kuvimba, sehemu kubwa hukimbilia mtaroni. Kwa hiyo swali la kumuuliza mtabiri ni kwa muda gani, na juma lililopita kulinyesha kiasi gani.

Kisha maji hushuka. Barabara ya kutoka Makutano ya Mwea kupitia Embu na Chuka hadi Meru huvuka Thiba, Thuci, Nithi na Mutonga, mito inayotoka mlimani ambayo maji yake huishia Tana. Mtu wa bondeni huitazama mbingu iliyo juu ya kichwa chake, ilhali mto wake hutawaliwa na mbingu ya jirani wa juu. Makorongo ya msimu ndiyo hatari zaidi, kwa kuwa asubuhi huwa mchanga mtupu.

Ng'ambo ya Tana, huko Mwingi, basi lililobeba wanakwaya kwenda arusini lilisombwa katika mto Enziu tarehe 4 Desemba 2021, likijaribu kuvuka daraja lililokwisha kufunikwa na maji. Zaidi ya watu 30 walikufa. Maji yanayokwenda kasi yakiwa na kina cha sentimita 30 huweza kuchukua gari dogo; sentimita 60 huchukua magari mengi. Uzito wa gari haumsaidii dereva kama anavyodhani, kwa sababu maji hulinyanyua kwanza, ndipo yalisukume.

Ningepewa fedha za kuboresha utabiri hapa, nisingeanza na kompyuta. Ningesimika kwenye kila daraja la juu nguzo yenye alama za kina, nikamlipa mkazi wa karibu aisome wakati wa mvua, na nikampa namba za machifu wa bondeni na za redio za lugha za huku. Maji yaliyoonekana Thuci kwenye barabara kuu bado yana mwendo mrefu hadi Tana. Hata mwendo huo ukiwa wa saa moja tu, unatosha wachimba mchanga kutoka mtoni, mifugo kupandishwa, na bodaboda kuzuiwa kuvuka.