RUZUKU YA MAHINDI: MBOLEA YAKO IFIKE SHAMBANI MWAKO

Wakulima wengi huuliza, "Fedha za ruzuku tutalipwa lini?" Ruzuku hii hailipwi mkononi. Serikali hulipa sehemu ya bei ya mfuko, na mkulima hulipa iliyobaki. Basi asiyenunua mfuko, au anayeuza haki yake ya kuununua, hapati kitu.

Mpango wa vocha ulianza mwaka 2008. Mkulima alipewa vocha za mbegu na mbolea za kutosha eka moja ya mahindi, naye akalipa karibu nusu ya bei. Mpango ule ulikwisha mwaka 2014. Mahali pengine vocha ziliuzwa kwa wachuuzi kwa fedha kidogo. Mchuuzi akapata faida, na shamba likabaki na njaa.

Mwaka 2022 mbolea ilipanda bei kupita shilingi 100,000 kwa mfuko wa kilo 50. Serikali ikaanza ruzuku mpya. Msimu wa 2022/23 mfuko wa DAP au Urea uliuzwa kwa shilingi 70,000. Safari hii hakuna vocha ya karatasi. Mkulima huandikishwa kijijini pamoja na ukubwa wa shamba lake, naye hupewa namba ya kununulia kwa wakala. Namba hiyo ni kama ufunguo wa ghala: usimwazime mtu. Taja eka zako za kweli, na ujiandikishe kabla ya mvua.

Fanya hesabu kabla ya kununua. Mfuko mmoja wa DAP na mmoja wa Urea kwa bei ile ni shilingi 140,000. Ikiwa gunia la mahindi ni shilingi 60,000, yakupasa uongeze zaidi ya magunia mawili na theluthi kwa eka ndipo uanze kuona faida. Kwa hiyo mbolea haifai kutupwa ovyo.

Fuata kanuni hizi:

1. Panda mvua za kwanza zikiloweka udongo vizuri. Acha sentimita 75 kati ya mistari na sentimita 60 kati ya mashimo, mbegu mbili kila shimo.

2. Tia DAP kifuniko kimoja cha soda katika kila shimo. Funika kwa udongo kidogo, kisha weka mbegu. Mbolea isiguse mbegu, itaiunguza. Eka moja ina mashimo karibu 9,000, na mfuko mmoja watosha.

3. Mahindi yakifika magotini, palilia kwanza, ndipo utie Urea kifuniko kimoja kila shimo, kando ya mmea, na kufunika. Usiitie juu ya udongo mkavu. Ukame wa Januari ukishika, ngoja mvua irudi.

4. Kiduha king'oe kabla hakijatoa maua, kwa maana mbegu zake hukaa ardhini miaka mingi. Tia samadi, na ubadilishe mahindi kwa karanga au pamba.

Ardhi zetu si sawa. Geita na Kahama hupata mvua nyingi kuliko Kishapu. Mkulima wa Kishapu asivutwe na ruzuku akaacha mtama, kwa sababu mtama huvumilia jua ambalo huua mahindi. Apande mahindi penye unyevu tu.

Neno la mwisho ni kwa wanaokwenda machimboni. Dhahabu huweza kupatikana leo au isipatikane, lakini wiki ya kupanda ikipita hairudi. Ukiondoka, mkabidhi mkeo au mwanao mbegu na mbolea, na mwonyeshe kipimo cha kifuniko. Mfuko uliofichwa chini ya kitanda haulishi watoto. Ukiwa na shaka, mwulize Bwana Shamba au Bibi Shamba wako kabla hujapanda, si baada ya mavuno kupotea.