Kwa nini utepe mmoja wa filamu hutoa picha za maumbo tofauti

FILAMU zinazochapishwa kwenye utepe wa milimita 70 hazina picha za umbo moja. Kwa kawaida, upana wa picha ni mara 2.20 ya kimo chake. ‘The Hateful Eight’ ya Quentin Tarantino, iliyotolewa mwaka wa 2015, hufikia mara 2.76.

Kamera iliibana picha hiyo ili itoshee kwenye utepe. Hivyo mtambo wa sinema huhitaji lenzi maalumu ya kuitanua. Lenzi hiyo ikikosekana, waigizaji huonekana wembamba kuliko walivyo.

Kwenye skrini ya kawaida, picha hiyo pana huacha pengo juu na chini, ambalo fundi huliziba kwa mapazia meusi. Akiikuza ijaze skrini yote, pande zake hukatika, na mtazamaji hukosa mandhari ambayo mwelekezi alikusudia ayaone.