Wiki 8 masjala

Nilipopangiwa field kwenye halmashauri moja ya wilaya, nilijua naenda kufanya kazi za kiofisa hasa. Nasoma utawala, mwaka wa pili, na matokeo yangu si ya kuonea aibu. Siku ya kwanza ofisa utumishi alisoma barua yangu, akaikunja, akasema, "Anzia masjala." Masjala! Chumba cha mwisho kwenye korido, makabati ya chuma, vumbi, feni moja inayolia. Jioni nikawapigia wenzangu kulalamika kwamba nimepewa kazi ya kubeba mafaili.

Huko nilimkuta mama mtunza kumbukumbu, ana zaidi ya miaka 20 kazini, na binti mmoja aliyekuwa field kama mimi, ila yeye ametokea Chuo cha Utumishi wa Umma, kampasi ya Tabora. Wazazi wetu waliijua kampasi hiyo kama Chuo cha Uhazili Tabora. Binti alimaliza kidato cha nne, anasoma cheti. Mimi nina kidato cha sita na nadharia za utawala za kumwaga. Haikupita wiki mbili nikawa namuuliza yeye kila kitu.

Kilichonishusha ni barua moja. Mwalimu wa shule ya msingi alitoka kata ya mbali kuleta madai yake ya fedha za uhamisho. Nilimpokea kwa adabu zote, "Shikamoo mwalimu, niachie mimi, nitaifikisha." Nikatoka nayo moja kwa moja hadi kwa ofisa husika. Hayupo. Nikaiweka mezani kwake, juu ya karatasi nyingine, nikarudi najiona mchapakazi. Baada ya siku 12 mwalimu akarudi kuulizia. Ofisa hajaiona. Mezani haipo, kwenye rejista haipo, kwenye jalada lake haipo. Kwa hesabu za ofisi, barua ile haikuwahi kufika. Mwalimu alinitazama tu, akasema taratibu, "Mwanangu, nauli ya kuja na kurudi ni elfu kumi na nne."

Mama hakunigombeza, na hilo liliniuma zaidi. Alimpa mwalimu kiti, akamwomba ile nakala aliyobaki nayo (bahati alikuwa nayo), kisha akaniambia nisogee nione safari ambayo barua ilitakiwa iende.

Kitu cha kwanza ni muhuri wa kupokelea, wenye tarehe. Ukishagongwa, ofisi haiwezi tena kusema haijapata kitu. Ndiyo maana ukipeleka barua yoyote ya maana, uwe na nakala yako, nayo igongwe hapohapo. Kisha barua inaandikwa kwenye rejista ya barua zinazoingia: imepokelewa lini, imeandikwa lini, imetoka kwa nani, inahusu nini, imewekwa jalada gani. Baada ya hapo linatafutwa jalada lenyewe. Barua ya mtumishi kuhusu haki zake inaingia kwenye jalada lake binafsi. Inatobolewa, inafungwa juu ya iliyotangulia, inapewa namba kwa kalamu nyekundu kwenye kona ya juu. Namba hiyo ndiyo folio. Ya mwalimu wetu ikawa folio 31.

Halafu linakuja dokezo. Ndani ya jalada kuna karatasi za madokezo, na hapo mama aliandika cheo cha ofisa, na chini yake: "Folio 31 yahusika, tafadhali." Saini, tarehe. Ofisa akisoma, anaandika maoni yake chini ya hapo na kulipeleka jalada kwa mkubwa wake. Mkubwa naye anaandika uamuzi. Hakuna cha "nilimwambia kwa mdomo". Miaka 5 baadaye mtu akifungua jalada lile ataona nani alisema nini, siku gani, na nani alilikalia. Na jalada lenyewe halitoki masjala bila kuandikwa limekwenda kwa nani. Mwalimu akirudi, hatuanzi kupigiana simu tukiulizana nani ana kumbukumbu nzuri. Tunaangalia daftari, tunakwenda kwenye ile meza.

Hapo ndipo nilipoelewa pia ile "Kumb. Na." tunayoirukaga tukisoma barua za serikali. Herufi za mwanzo ni za ofisi, tarakimu zinazofuata zinaonyesha jalada, na ya mwisho kabisa, baada ya mkwaju, kwa kawaida ni folio. Ndiyo maana unatakiwa ukijibu barua uitaje namba yake. Ukiandika tu "Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu" bila namba, umempa mtu wa masjala kazi ya kubahatisha, na akikosea, barua yako italala kwenye jalada la mtu mwingine. Hata ofisi zilizohamia kwenye mfumo wa kompyuta zimehama na mambo hayohayo: jalada, folio, dokezo.

Max Weber nimemsoma. Alieleza kwamba ofisi ya kisasa inasimama juu ya maandishi yanayohifadhiwa, na mtihani wake niliujibu vizuri, nikapata B+. Sikujua alikuwa anazungumzia kabati lile.

Binti wa Tabora ndiye aliyenifundisha kwa mikono. Alikuwa ananipa barua 20, nizipangie majalada, kisha anazitoa moja moja na kuniuliza, "Hii kwa nini hapa?" Kosa langu lilikuwa kusoma kichwa cha barua peke yake. Kichwa kinasema "Ombi la ruhusa", kumbe ndani mtu anaomba kwenda masomoni kwa miaka 2, na hilo ni suala jingine kabisa. Mimi nilimsaidia Kiingereza cha ripoti yake ya field. Tulilipana hivyo.

Siku moja alinionyesha anavyoandika hatimkato, vile vimistari na vinukta. Nikacheka, nikamuuliza nani bado anatumia hivyo wakati simu inarekodi. Akanitajia tangazo la kazi ya Katibu Mahsusi. Sote tumewahi kuyapitia yale matangazo ya utumishi tukitafuta nafasi za digrii. Kasome na hizo nafasi nyingine: awe amefaulu hatimkato ya Kiswahili na Kiingereza, maneno 80 kwa dakika, mengine yanataka 100, na juu yake kompyuta. Jaribu kuandika maneno 80 kwa dakika moja, halafu uje tuzungumze kuhusu "kozi za waliofeli".

Nilipomaliza wiki ya 8, dokezo la folio 31 lilikuwa limefika kwa mweka hazina. Malipo bado. Lakini mwalimu alipopiga simu, nilimwambia jalada lake liko meza ipi na tangu tarehe gani, na hakupanda gari siku hiyo.

Niliporudi chuo nikakuta wenzetu waliochelewa kupata bumu wanauliza habari ya barua ya malalamiko iliyoandikwa kwa niaba yao muhula uliopita. Viongozi waliotangulia wanasema waliipeleka. Ofisi iliyopelekewa inasema haijaiona. Nakala yenye muhuri hakuna, na hakuna anayekumbuka nani aliipokea. Kwenye ofisi yetu ya wanafunzi nilikuta boksi la karatasi, bendera ya zamani na vocha zilizokwisha.

Nilinunua kaunta buku moja pale stationery, nikalichora mistari: tarehe, barua, inakwenda kwa nani, jina na saini ya mpokeaji. Barua ya bumu imeandikwa upya. Imegongwa muhuri Jumanne, saa 4 asubuhi, na dada wa mapokezi amesaini mstari wa kwanza.