Faida ya baiskeli ni ya anayekanyaga pedali

Kwa mkazi wa Nairobi, Mombasa au Kisumu, boda boda ni pikipiki. Hata hivyo, neno hilo lilizaliwa juu ya keria ya baiskeli huko Busia na Malaba, katika mpaka wa Kenya na Uganda, kati ya miaka ya 1960 na 1970. Baina ya lango la forodha la nchi moja na lile la nchi ya pili palikuwa na mwendo ambao msafiri mwenye mizigo hakupenda kuutembea juani, na gari halikuweza kuvuka bila ya hati nyingi. Vijana wenye baiskeli waliiona nafasi hiyo. Waliweka mto juu ya keria, wakaanza kuwaita abiria, "Boda! Boda!", yaani kutoka mpaka huu hadi ule.

Kazi hiyo imelisha familia nyingi na kusomesha watoto. Lakini leo hatutazungumzia mapato yake. Tutazungumzia kitu kimoja ambacho vijana hao walikipata kila siku bila ya kukinunua, nacho ni mazoezi ya mwili. Aidha tutaangalia jinsi msomaji wa mjini anavyoweza kukipata kitu hicho bila ya kujiumiza.

Miguu ilipopumzishwa

Baada ya serikali ya Kenya kupunguza kodi ya pikipiki ndogo mnamo mwaka wa 2008, pikipiki zilienea haraka katika miji na vijiji vyote. Waendeshaji wengi wa baiskeli walihamia huko, na si ajabu, kwani pikipiki huenda mbali zaidi na hulipa zaidi.

Tuchukue mfano wa mwanamume aliyebeba abiria kwa baiskeli mjini Busia akiwa na umri wa miaka 25. Sasa ana miaka 45 na anamiliki pikipiki. Sahani yake ya ugali haikupungua, na sukari katika chai yake ni ile ile. Kilichopungua ni kazi ya miguu. Tumbo limeanza kutangulia mbele ya mshipi, lakini yeye hajisikii mgonjwa. Hapo ndipo penye hatari. Shinikizo la damu, ambalo wengi huliita presha, laweza kukaa mwilini kwa miaka bila ya kuuma popote, na mara nyingine dalili ya kwanza ni kiharusi. Kisukari cha ukubwani nacho huja polepole namna hiyo hiyo.

Jambo hili si la Busia peke yake. Mwaka wa 1953 daktari Jerry Morris na wenzake walichapisha matokeo ya uchunguzi wao juu ya wafanyakazi wa mabasi ya ghorofa ya mjini London. Madereva walikaa kitini siku nzima, na makondakta walipanda na kushuka ngazi wakikusanya nauli. Ilionekana ya kwamba madereva walipatwa na ugonjwa wa moyo kuliko makondakta, ingawa wote walifanya kazi katika basi moja. Tofauti ya mwendeshaji pikipiki na mwendeshaji baiskeli ni kama hiyo. Wote wawili wamo barabarani mchana kutwa, lakini ni mmoja tu anayefanyisha misuli yake kazi.

Mwili unavyofaidika

Mtu anapokanyaga pedali, misuli mikubwa ya mapaja na makalio huhitaji damu nyingi. Moyo hupiga kwa nguvu zaidi, na ukizoeshwa hivyo kwa majuma kadhaa, hujifunza kusukuma damu nyingi kwa pigo moja. Mishipa ya damu hutanuka kwa urahisi na presha hushuka. Hali kadhalika, misuli inayofanya kazi hufyonza sukari kutoka katika damu, na homoni ya insulini hufanya kazi yake vizuri zaidi. Magoti nayo hayabebi uzito wote wa mwili kama katika kukimbia, kwa hiyo baiskeli humfaa hata mtu mnene.

Shirika la Afya Duniani hupendekeza mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya kadiri kila juma. Mazoezi ya kadiri ni yale ambayo unaweza kuzungumza ukiyafanya, lakini huwezi kuimba. Kutoka Busia hadi Malaba ni takriban kilomita 30 za barabara inayopita Alupe na mashamba ya mihogo, mtama na mahindi, ikipanda na kushuka vilima vidogo. Kwa mwendo wa kilomita 15 kwa saa, safari hiyo huchukua saa 2, yaani dakika 120. Mwenye muda anaweza kulala Malaba na siku ya pili kwenda Kakapel, katika vilima vya Chelelemuk, kuona michoro ya kale iliyochorwa mwambani. Mtu huyo atakuwa amemaliza sehemu yake ya juma huku akitalii.

Wala si lazima kuwa na miguu yenye nguvu. Pale mpakani wapo watu wenye ulemavu wanaovusha bidhaa kwa baiskeli za magurudumu 3 zinazozungushwa kwa mikono. Kazi ya mikono pia huuimarisha moyo. Hata hivyo mabega yao huchoka upesi, na aliyepoteza hisia makalioni kwa kuumia uti wa mgongo hana budi kujiinua kitini mara kwa mara ili asipate vidonda.

Kiti, goti na mgongo

Baiskeli isiyomfaa mwenyewe humwumiza. Kosa la kawaida ni kiti kilicho chini mno. Goti hukunjwa kupita kiasi na mtu huanza kusikia maumivu nyuma ya pia ya goti. Dawa yake haiuzwi dukani. Keti juu ya baiskeli, weka kisigino juu ya pedali iliyo chini kabisa, na mguu uwe umenyooka. Kama haukunyooka, mwambie fundi apandishe kiti. Ukiendesha kwa sehemu ya mbele ya wayo, goti litabaki limekunjwa kidogo tu, na hivyo ndivyo inavyotakiwa.

Wanaume wengi huuliza kwa sauti ya chini kama ni kweli baiskeli huua nguvu za kiume. Ukweli ni huu: kiti chembamba hubana mishipa ya damu na ya fahamu iliyo kati ya miguu, na ganzi hutokea. Ganzi ni onyo. Simama juu ya pedali kila baada ya dakika 10, tafuta kiti kipana kidogo, na usikiinue ncha yake. Ganzi isiyokwisha baada ya kupumzika ni sababu ya kumwona daktari. Lakini kwa mtu anayeendesha saa chache kwa juma, hofu hiyo haina msingi. Maadui wakubwa wa nguvu za kiume ni kisukari, presha na sigara, na hao ndio baiskeli husaidia kuwazuia.

Wengine husema upepo wa baiskeli huleta homa ya mapafu. Ugonjwa huo huletwa na vijidudu, na jaketi peke yake haliwezi kuuzuia. La kuhofiwa zaidi barabarani ni moshi wa malori yanayopanga foleni Malaba. Usisimame nyuma ya bomba la moshi, na usipite ubavuni mwa trela linalokata kona kwa sababu dereva hawezi kukuona.

Kuhusu mizigo, abiria mmoja mzima huweza kuwa na uzito sawa na wako. Anayeanza asibebe mtu. Anayebeba kwa kazi yake ashuke na kusukuma penye mlima mkali badala ya kuuvunja mgongo.

Maji na kichwa

Katika joto la Busia, kunywa takriban nusu lita ya maji safi kwa kila saa ya mwendo, kwa mafunda madogo, wala usingoje kiu. Mkojo mweusi kama chai ya rangi ni dalili ya upungufu wa maji. Aliyetokwa na jasho jingi, au anayeharisha, anaweza kutengeneza kinywaji chake: lita 1 ya maji yaliyochemshwa na kupozwa, vijiko vidogo 6 vya sukari vilivyosawazishwa, na nusu kijiko kidogo cha chumvi. Pombe haikati kiu, bali hukausha mwili na kumpotosha mwendeshaji.

Vaa helmeti na nguo ya rangi inayoonekana. Kwa waendeshaji pikipiki, imethibitishwa kwamba helmeti hupunguza majeraha ya kichwa kwa takriban asilimia 69 na vifo kwa asilimia 42. Mpanda baiskeli pia ana fuvu lile lile, na lami ni ile ile.

Nani aanze kwa daktari?

Aliyepita miaka 40 na hajafanya mazoezi kwa muda mrefu, mwenye presha, kisukari au ugonjwa wa moyo, apimwe kwanza. Mgonjwa wa kisukari anayetumia insulini abebe glukosi au peremende mfukoni, kwani sukari inaweza kushuka ghafla. Akianza kutetemeka na kutokwa na jasho baridi, asimame na kuila mara moja. Yeyote anayebanwa kifua akipanda mlima, hasa maumivu yakienea hadi mkono wa kushoto au taya, aache safari na apelekwe hospitali mara moja.

Kuna jambo moja zaidi kwa wageni kutoka Nairobi. Busia ni eneo lenye malaria mwaka mzima, na mtu aliyeishi mahali pasipo na ugonjwa huo hana kinga. Muulize daktari kuhusu dawa za kuzuia malaria kabla ya safari, na ulale ndani ya chandarua kilichotiwa dawa. Ukipata homa siku 7 au zaidi baada ya kulala huko, hata kama umekwisha kurudi kazini, nenda ukapimwe damu na umwambie mhudumu ulikokuwa. Usiseme ni uchovu wa safari.

Basi, msomaji, si lazima uanzie Busia. Anza na dakika 15 karibu na nyumbani, siku 3 kwa juma, kisha ongeza dakika 5 kila juma. Baada ya miezi 2 utakuwa unaendesha karibu saa nzima kila mara, na kilomita 30 za kwenda Malaba hazitakuogofya. Kabla ya kuanza, pita zahanati ukapimwe presha na uiandike mahali. Pima tena miezi 3 baadaye na ulinganishe. Na kama daktari amekuandikia dawa za presha, endelea kuzimeza mpaka yeye mwenyewe akupunguzie.